Picha ya Mtoto ni Amana, na Nyumbani Ndiko Inakotoka Vizuri



Kila Idi ikikaribia, maswali ya mama vijana huwa yanafanana. Studio gani nzuri ya kumpeleka mtoto? Nguo ya rangi gani inatoka vizuri kwenye picha? Programu gani ya simu inamng'arisha? Na biharusi wa mwaka jana, ambaye leo ana mtoto wa miezi minne, anauliza kama yule mpiga picha wa harusi yake anachukua na watoto. Ni maswali mazuri, lakini sisi tunaona yamerukia mbele. La kwanza ni hili: picha hii naipiga kwa ajili ya nani?

Jibu letu ni kwamba picha ya mtoto ni ya mtoto. Wewe mama umemshikia tu, kama unavyomshikia pesa zake za sikukuu mpaka akue. Ni amana. Siku moja atakuwa mtu mzima, ataifungua albamu, naye atataka kujiona alivyokuwa: meno yake mawili, nywele zake, rangi yake, mkeka aliojifunzia kutambaa. Ukishalikubali hilo, mengine yanajipanga: wapi umpige picha, kwa kifaa gani, nini umrekebishe na nini umwachie, na nani aione. Leo tunataka kuyapitia yote, na tutasema tunavyoona, hata kama kuna mashoga zetu watakaonuna.

Studio ilikuwa na sababu yake

Hatuna ugomvi na studio. Unguja imejua kamera tangu zamani. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi ya baba yake. Kuta zake zimejulikana kwa picha za Zanzibar ya zamani ambazo wengine wetu tunawatambua ndani yake watu wa mitaa yetu. Kwa bibi zetu, kupiga picha ilikuwa safari. Nguo zilipigwa pasi ya makaa, mtoto alipakwa mafuta ya nazi mpaka akang'aa, na familia nzima ikatoka pamoja. Kamera walikuwa nazo wachache. Picha ilisubiriwa, ikiletwa inatiwa sandukuni pamoja na hati za nyumba.

Sababu ile leo haipo. Kamera imelala chini ya mto wako. Kilichobaki ni mazoea, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mazoea hayo yanamtesa bure. Mtie mtoto wa miezi kumi kwenye chumba asichokijua, taa kali mbele yake, mtu mgeni anampigia vidole, nguo mpya inamkwaruza shingoni, na saa ya kulala imempita. Atalia, na wanja utamshuka mashavuni. Ikitoka picha, itatoka ya mtoto aliyeshangaa kwenye kiti cha watu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mtoto akiwa kwao anajua sauti ya pangaboi na harufu ya jikoni, na anajua kwamba bibi yuko chumba cha pili. Uso wake unakaa sawa bila ya kuombwa. Na kuna jambo jengine ambalo vijana hawalijali mpaka miaka ipite: nyumba nayo inaingia kwenye picha. Kitanda cha bibi, mlango wa uani, lile dirisha la nondo, sinia la kupetea mchele. Nyumba huuzwa, hubomolewa, watu huhamia ng'ambo. Pazia la studio lenye maporomoko ya maji ya nchi za watu halitamkumbusha mwanao chochote. Ukuta wenu uliobanduka rangi utamkumbusha mengi.

Kwa hiyo usione haya nyumba yako. Ondoa ndoo na viatu vilivyozagaa, basi. Huhitaji nyumba ya maonyesho.

Vifaa unavyo tayari

Unachohitaji ni simu, dirisha, shiti jeupe au kanga nyeupe, na subira. Hatusemi hivi kumfariji asiye na pesa. Ndivyo picha ya sura inavyofanya kazi: kinachoipamba ni mwangaza, na mwangaza mzuri kuliko wote ni ule laini unaoingia kutoka upande mmoja. Dirisha linatoa huo bure.

Kwanza, futa kioo cha kamera ya simu. Simu ya mama mwenye mtoto mchanga imejaa mafuta ya mikono na mate ya mtoto, na picha zinatoka na ukungu, kisha watu wanadhani simu ni mbovu. Upindo wa kanga laini unatosha.

Pili, zima taa ya chumbani na zima flashi. Taa ya umeme ina rangi yake na dirisha lina rangi yake. Zikichanganyika, nusu ya uso inakuwa ya manjano. Flashi nayo inaupiga uso wote kwa mara moja, inaondoa vivuli vidogo vinavyoonyesha shavu na pua, na inamshtua mtoto.

Tatu, mkalishe mtoto ubavuni mwa dirisha, hatua moja au mbili kutoka hapo, uso wake umeelekea mwangaza kidogo. Wewe usimweke dirisha likawa nyuma yake, kwani simu itaufuata mwanga wa nje na mtoto atatoka kivuli kitupu. Kama jua linapiga moja kwa moja dirishani, tundika pazia jepesi jeupe lilichuje. Upande wa pili wa mtoto, ule wenye giza, mwombe wifi yako ashike lile shiti jeupe. Utashangaa namna linavyorudisha mwanga na kulainisha kivuli. Angalia pia rangi ya ukuta. Wengi wetu tunapenda vyumba vya kijani au buluu. Ukuta wa kijani ukiwa karibu unarudisha ukijani usoni. Msogeze mtoto mbali nao kidogo, au uufunike kwa kitambaa cheupe.

Nne, chagua saa. Sisi tupo kiasi cha nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na jua la adhuhuri linasimama utosini. Nje saa hizo macho ya mtoto yanakuwa mashimo ya kivuli na anakunja uso. Wakati mzuri ni asubuhi mpaka kiasi cha saa tatu, na baada ya alasiri mpaka kabla ya magharibi. Kama una baraza lenye kivuli na ng'ambo yake kuna ukuta wa chokaa uliopigwa na jua, usiende popote. Ukuta ule unarudisha mwanga laini ambao mwenye studio anaununulia taa za bei kubwa.

Tano, shuka chini. Picha nyingi za watoto tunazipiga tumesimama, kwa hiyo tunapata utosi mkubwa na miguu midogo. Kaa kwenye mkeka, simu iwe sawa na macho yake. Kaa kiasi cha mita moja na nusu mbali naye, kisha uikate picha baadaye. Ukimwekea simu karibu na pua, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma, naye hayuko hivyo. Gusa jicho lake kwenye kioo cha simu ili simu ilenge pale, na ukiona uso umepauka, teremsha mwangaza kwa kidole kabla ya kupiga. Piga nyingi, chagua moja au mbili, nyengine zifute siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto mchanga asiyekaa bado, mlaze juu ya kanga kwenye godoro karibu na dirisha, kichwa kikiwa upande wa dirisha, ili mwanga umteremke kutoka kwenye paji la uso. Ukimgeuza miguu ikawa dirishani, mwanga unampanda kutokea kidevuni na sura inatisha. Ukimpiga kutokea juu, shika simu kwa mikono miwili, na kamba yake iwe kifundoni mwako. Simu isije ikamwangukia.

Na mkubwa wa miaka miwili mitatu, usimwambie "cheka". Akiambiwa acheke anatoa meno tu. Mpe kazi. Mpe sinia la mchele apete, ndala za baba yake azipange, paka amuite. Muulize jana chuoni walisoma nini. Kisha ngoja. Kabla hajajibu kuna pale anapofikiri, macho yameenda juu kidogo. Hiyo ndiyo picha yenyewe.

Yote haya yafanywe akiwa ameshiba, ameoga na amelala. Dakika kumi zinatosha. Akichoka, simu iwekwe chini na siku nyengine ipo.

Mwachie rangi yake

Hapa ndipo tunapotaka kusema kwa nguvu kidogo. Tunaona sasa picha za watoto wa mwaka mmoja waliopitishwa kwenye zile filta za urembo. Ngozi imekuwa kama plastiki, macho yamepanuliwa, pua imechongwa, na rangi imefunguliwa daraja tatu. Mama anaandika "mashallah mwanangu", na mtoto aliyeko pale si mwanawe.

Wakati wa filamu, kamera zenyewe hazikututendea haki. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipimia rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Rangi yake ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi zikatoka kama masizi, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Wengi wetu tunazo picha za mama zetu za namna hiyo. Watengenezaji wenyewe wamekuja kulikubali tatizo hili: mwaka 2021 Google ilipotoa simu ya Pixel 6 iliitangaza kuwa na mfumo unaoitwa Real Tone, uliotengenezwa ili ngozi za watu weusi na wa maji ya kunde zitoke zilivyo. Sasa fikiri. Wenye viwanda wanahangaika kumtoa mtoto wetu kwa rangi yake ya kweli, na sisi mama zake tunaifuta kwa kidole.

Mtoto hajui kama ni mweusi au mweupe mpaka amwone mtu mzima anavyohangaika na rangi yake. Binti wa miaka mitano anayeona kila picha yake imefunguliwa rangi ameshasomeshwa somo, na hakuna aliyefungua mdomo. Akifika miaka kumi na saba, akaenda kununua krimu za kujichubua kwa siri, tusiulize alijifunza wapi. Na maharusi wetu mnaosoma hapa mnajua vizuri tabu ya kupakwa mpaka mtu anakuwa na uso mmoja na mikono mingine. Tusiwaanzishie watoto mapema hivyo.

Kurekebisha kuna mipaka yake. Kama picha imetoka na giza, iongeze mwanga. Kama imepinda, inyooshe. Kama shiti lina doa, likate. Kovu la tetekuwanga, jino lililong'oka, baka la kuzaliwa nalo, vyote hivyo viache. Ndiyo mwaka wenyewe ule. Tunasema hivyo hivyo kuhusu kuwavisha watoto wa kike shela ndogo na kuwapaka rangi ya mdomo ili wakae kama biharusi. Utoto ni mfupi. Mpige picha akiwa mtoto, na dera lake la nyumbani.

Nani aione

Kuhusu hukumu ya picha, masheikh wetu wametofautiana. Wako wanaoikataza isipokuwa kwa dharura kama ya pasipoti, na wako wanaoiona picha ya kamera kuwa ni kuzuia kivuli tu, kama kioo kinavyokuonyesha. Hapa hatutoi fatwa. Kila dada amuulize anayemwamini katika dini yake, na atakayeamua kutopiga kabisa hana cha kujutia mbele yetu. Wako pia wanaopiga lakini hawatundiki ukutani. Albamu ya kabatini inawatosha, na sisi tunaona ni adabu nzuri.

Tunachotaka kusema kinamhusu yule aliyekwisha kupiga. Picha ikishatoka, mkono unakwenda wenyewe kwenye stetasi. Hapo ndipo amana inapovunjika.

Bibi zetu walimpaka mtoto doa la wanja kwenye paji la uso na wakamfunika asitazamwe na kila mpita njia mpaka arubaini ipite. Lile doa waachie wenyewe, sisi kinga yetu ni dua, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiwaombea kinga wajukuu wake Hasan na Husein. Lakini kwenye lile la kumfunika walikuwa na akili. Walijua kuwa mtoto si wa kila jicho. Mtu yule yule anayeogopa kijicho cha jirani anamweka mwanawe mbele ya watu elfu asiowajua, halafu anaandika chini "Allah amlinde". Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha ndiyo tutawakali.

Na si kijicho tu. Picha ya mtoto amevaa sare yenye beji inasema skuli anayosoma. Picha ya mlangoni inasema nyumba gani. Simu nyingi hutia ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ukaizime leo. Picha ya mtoto anaoga, au hana nguo, usiipige kabisa, hata kama ni ya kuchekesha, hata kama ni ya babu yake kuiona. Simu huibiwa, simu hupelekwa kwa fundi, na wako watu wabaya wanaokusanya picha za namna hiyo. Hata picha ya mtoto analia amekaa kwenye poti, ambayo leo mnaichekea kwenye kundi la familia, kesho inaweza kuwa mikononi mwa wanafunzi wenzake.

Sheria nayo imemtazama mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mtoto asiingiliwe faragha yake bila ya haki. Tumezoea kudhani faragha ni ya watu wazima. Mtoto anayo, ila yeye hana mdomo wa kuidai, ndiyo maana ikawa amana mikononi mwako.

Na mara nyengine mdomo anao. Mtoto wa miaka mitatu akifunika uso kwa mikono na kusema "sitaki", muache. Wapo watakaosema huyo anadekezwa. Sisi tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto ambaye "sitaki" yake inasikilizwa na mama yake, katika jambo dogo kama picha, anajua kuwa mwili wake una mwenyewe. Mtoto anayelazimishwa kukaa, kukumbatiwa na kubusu watu ili picha ipatikane, siku akishikwa na mtu asiyestahili atasemaje hapana? Ameshafundishwa kuwa hapana yake haina thamani.

Tunajua mtakachosema: bibi yake yuko Maskati, mama mdogo yuko London, wamwone vipi? Watumieni wao. Kumtumia bibi ni jambo moja, kuiweka hadharani ni jambo jengine. Tuma kwake moja kwa moja, na umwombe kwa heshima asiisambaze: "Bibi, hii ya kwako peke yako." Wazee wetu wanaelewa amana kuliko sisi. Ila jueni kuwa WhatsApp huipunguza picha inapoituma kwa kawaida. Mkitaka bibi aisafishe kubwa aitie kwenye fremu, itumeni kama waraka, na hapo hakikisheni mahali pamekwisha kuzimwa, kwani inakwenda na kila kilichomo ndani yake.

Isafishe, uiandike

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa leo ana picha elfu nne za mtoto wake kwenye simu, na hana hata moja mkononi. Simu ikitumbukia kwenye ndoo ya nguo, miaka miwili ya mtoto imekwenda. Bibi yake mwenye picha tatu tu kwenye sanduku amemzidi, maana zake bado zipo.

Kila baada ya miezi michache chagua picha tano, usizidishe, uzipeleke zikasafishwe kwa saizi ya posti kadi. Nyuma yake andika kwa penseli laini: jina la mtoto, mwezi, mwaka, mahali, na neno moja. "Siku ya kwanza chuoni." "Ana homa ya meno, lakini anacheka." Wino wa kalamu hupenya na kuchafua ya chini yake. Weka kwenye albamu, mahali pakavu, mbali na ukuta unaovuja. Unyevu wa visiwa vyetu unakula karatasi. Nakala za zile nzuri ziweke pia kwenye memori kadi au diski, na iwe chumba chengine au nyumba nyengine, ili moja ikipotea nyengine ibaki.

Na wewe mwenyewe ingia kwenye picha. Albamu nyingi za nyumbani zina kila mtu isipokuwa aliyeshika simu. Mtoto atataka kumwona mama yake alivyokuwa siku zile, si siku ya harusi tu, akiwa na kope mbili na dhahabu za kuazima. Kama unajisitiri na hutaki mwenye duka la kusafishia aone nywele zako, tupia mtandio, au piga mkono wako tu: mkono wenye hina iliyofifia unamfunga mtoto vifungo vya kanzu. Simamisha simu kwenye kopo la mchele, weka ile saa ya kuhesabu sekunde kumi, ukae naye. Picha kama hiyo mtoto ataitafuta kabla ya nyengine zote.

Kabla ya Idi ijayo

Hatukuombi uache kwenda studio kama unapenda, wala hatumlaumu aliyekwisha kuposti. Tunaomba jambo dogo. Wiki hii, siku moja baada ya alasiri, mtoto akiwa ameamka na ameshiba, zima taa, fungua pazia, kaa mkekani. Mpige picha ukiwa umemfikiria yeye akiwa na miaka ishirini na tano, ameishika picha hiyo mkononi. Filta hapana, stetasi hapana. Isafishe, andika nyuma, iweke.

Watu wakikuuliza mbona siku hizi hatumwoni mtoto wako mitandaoni, wakaribishe nyumbani. Waje wamwone mwenyewe, wale na maandazi, na wakimpenda waseme mashallah na wamwombee dua.

Allah atuhifadhie watoto wetu na azijaalie nyumba zetu kheri na sitara. Amin.